Kiti, Mkanda na Vioo: Dakika Moja Kabla Gari Halijaondoka



Katika ukurasa wa afya umezoea kusoma habari za malaria, maji safi na chakula cha watoto. Leo tutazungumza juu ya gari. Usishangae. Gari nalo ni jambo la afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo zinaua kuliko sababu nyingine yoyote.

Huenda utasema, "Mimi mkulima, sina gari." Ni kweli. Lakini unapanda gari. Unapanda Hiace kwenda mnadani. Unampeleka mgonjwa hospitali ya wilaya kwa Noah ya kukodi. Na huenda kijana wako anajifunza udereva, ili apate kazi. Kwa hiyo mambo haya yanakuhusu. Soma mwenyewe, kisha msomee na jirani.

Tutajifunza mambo matatu: kiti, mkanda na vioo. Kuyaweka sawa yote matatu kunachukua dakika moja tu.

KWA NINI MWILI UNAUMIA

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, na wewe uliye ndani unakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga mti, gari linasimama. Lakini wewe husimami. Mwili wako unaendelea mbele kwa mwendo ule ule, mpaka kitu kikusimamishe. Kitu hicho ni usukani, au kioo cha mbele, au kiti, au abiria aliye mbele yako.

Je, pigo hilo ni kubwa kiasi gani? Kugonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wenye urefu wa mita 10 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 25. Hakuna mtu awezaye kujizuia kwa mikono akianguka kutoka huko. Vivyo hivyo, hakuna awezaye kujizuia kwa kushika kiti cha mbele gari linapogonga.

Sasa fikiri juu ya mwili. Mwili una sehemu ngumu na sehemu laini. Sehemu ngumu ni mifupa. Mifupa ya nyonga ina nguvu. Mifupa ya kifua na mabega ina nguvu pia. Sehemu laini ni tumbo. Ndani ya tumbo kuna ini, bandama na utumbo. Ini na bandama zimejaa damu. Zikipasuka, mtu anatoka damu ndani kwa ndani. Kwa nje huoni jeraha. Mtu anasema, "Niko salama, nimeumia kidogo tu." Baada ya muda anapauka, anatoa jasho la baridi, anazimia.

Mgonjwa kama huyo anahitaji kupasuliwa na kuongezewa damu. Zahanati ya kijiji haina chumba cha kupasulia. Haina benki ya damu. Sisi tunaohudumu humo tunaweza kufunga vidonda vya nje, kumwekea mgonjwa dripu na kuita gari la hospitali. Baada ya hapo tunasubiri, na barabara ni ndefu. Wakati wa masika ni ndefu zaidi.

Ndiyo maana nakuambia, mkanda wa gari ni dawa. Ni dawa iliyopo pale pale ajali inapotokea, kabla ya mganga na kabla ya gari la hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliomo ndani ya gari hadi nusu. Lakini dawa ikitumiwa vibaya haiponyi. Mkanda nao ni hivyo hivyo. Lazima ukae mahali pake.

KWANZA KITI

Tuanze na dereva. Kwa nini tuanze na kiti? Kwa sababu ukisogeza kiti, macho yako yanahama na mabega yako yanahama. Ukiweka vioo kwanza, halafu ukasogeza kiti, vioo vyote vitakuwa vimeharibika. Kwa hiyo kiti ni cha kwanza. Fanya hivi, gari likiwa limesimama:

1. Angalia sakafuni. Ondoa chupa, kandambili na mzigo wowote karibu na miguu ya dereva. Chupa ikiingia chini ya pedali ya breki, breki haikanyagiki.

2. Kaa mpaka mwisho wa kiti. Makalio na mgongo viguse kiegemeo. Usikae ukingoni kama mtu anayetaka kuondoka.

3. Kanyaga klachi mpaka chini kabisa. Kama gari halina klachi, kanyaga breki. Goti lako libaki limekunjwa kidogo. Goti likinyooka kabisa, uko mbali mno. Goti likigusa chini ya usukani, uko karibu mno.

4. Nyoosha mkono na uweke kifundo cha mkono juu ya usukani. Bega lisitoke kwenye kiegemeo. Kama kifundo hakifiki, inua kiegemeo cha mgongo. Usiendeshe ukiwa umelala nyuma. Vijana wengine wanaona huo ndio udereva wa kisasa. Lakini mtu aliyelala nyuma anateleza chini ya mkanda gari linapogonga, na mkanda unapanda tumboni.

5. Pima nafasi kati ya kifua chako na katikati ya usukani. Isipungue sentimita 25. Hiyo ni pungufu kidogo ya rula ya shule yenye sentimita 30. Magari mengi ya sasa yana mfuko wa hewa ndani ya usukani. Gari likigonga kwa nguvu, mfuko huo unafumuka ghafla, haraka kuliko kufumba jicho. Ukikaa mbali kidogo, unakupokea. Ukiukumbatia usukani, unakuumiza.

6. Inua kiegemeo cha kichwa. Ncha yake ya juu iwe sawa na utosi, au angalau isiwe chini ya masikio. Kiwe karibu na kisogo. Kiegemeo hiki si mto wa kulalia. Gari likigongwa kutoka nyuma, mwili unasukumwa mbele na kichwa kinabaki nyuma. Hapo shingo inapigwa kama mjeledi. Kiegemeo kilichowekwa sawa kinazuia kichwa kisirudi nyuma mno.

PILI MKANDA

Mkanda wa sasa una sehemu mbili: moja inapita kiunoni, nyingine inapita kifuani. Aliyeutengeneza mkanda huo ni mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, wa kampuni ya Volvo. Uliwekwa kwenye magari ya kampuni hiyo mwaka 1959. Baadaye kampuni iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Kabla ya hapo, mikanda mingi ilipita tumboni tu. Bwana huyo alielewa jambo moja kubwa: pigo lipokelewe na mifupa, si tumbo.

Shika neno hilo. Mkanda ukae juu ya mfupa.

Sehemu ya kiunoni ipite chini, juu ya mifupa ya nyonga, ikigusa mapaja. Papasa kiunoni sasa hivi, hapo ulipo. Je, unahisi mifupa miwili iliyochomoza mbele, kushoto na kulia? Hapo ndipo mkanda unapokaa. Usikae juu ya kitovu.

Sehemu ya kifuani ipite katikati ya bega, juu ya mtulinga, na katikati ya kifua. Isikate shingo. Usiipitishe chini ya kwapa, maana itakuvunja mbavu na kuumiza ini au bandama. Usiipitishe nyuma ya mgongo, maana kifua kitabaki bila kinga. Magari mengine yana kitasa kwenye nguzo ya mlango cha kupandisha na kushusha mkanda. Mtu mrefu apandishe, mtu mfupi ashushe.

Nyoosha mkanda usijisokote. Uvute ukaze, usilegee. Kama umevaa koti zito, lifungue, mkanda upite karibu na mwili. Kisha uvute ghafla kwa mkono. Mkanda mzima unashika pale pale. Mkanda usioshika, au uliochanika, au uliokwisha kubeba mtu katika ajali kubwa, ubadilishwe.

Mama mjamzito afunge mkanda au asifunge? Afunge. Sehemu ya kiunoni ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Sehemu ya kifuani ipite kati ya matiti, kisha kando ya tumbo. Mkanda usipite juu ya mtoto. Mama akiwa salama, na mtoto aliye tumboni ana nafasi nzuri zaidi ya kuwa salama.

Na watoto? Wengi wetu tunampakata mtoto. Tunaona mikono ya mama inatosha. Ndugu, haitoshi. Gari linapogonga kwa kilomita 50 kwa saa, uzito wa mtoto unakuwa kama umezidishwa mara 20 au zaidi. Mtoto wa kilo 10 anavuta kama mzigo wa kilo 200. Hiyo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 100. Hakuna mama awezaye kuyashika.

Kinga iliyo bora ni kiti cha mtoto kinachofungwa kwenye kiti cha gari. Mtoto mchanga akae akitazama nyuma ya gari. Mtoto aliyekua kidogo aketi kwenye kiti cha kumwinua, mpaka mkanda wa mtu mzima umkae nyongani na begani vizuri. Vijijini viti hivyo ni haba na bei yake ni kubwa. Lakini yako mambo ambayo kila mzazi anaweza kuyafanya bila fedha. Mtoto akae kiti cha nyuma, si mbele. Akiwa ameshakua, awe na mkanda wake mwenyewe. Usifunge mkanda mmoja juu yako na mtoto pamoja, maana mwili wako utambana kwenye mkanda. Mwambie dereva aende polepole. Na usiweke kamwe kiti cha mtoto kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na onyo hilo limeandikwa humo kwa Kijapani. Ukiona picha ya mtoto yenye alama ya kukataza, jua ndilo onyo lenyewe.

TATU VIOO

Dereva amekaa vizuri, amefunga mkanda. Sasa aweke vioo, bila kuinama wala kunyoosha shingo.

Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma. Mzigo usizibe dirisha hilo. Kioo cha kulia na cha kushoto kionyeshe ubavu wa gari kidogo tu, kwenye ukingo wa ndani. Sehemu iliyobaki ionyeshe barabara. Mstari ambapo mbingu na ardhi vinakutana uwe katikati ya kioo. Ukiona ubavu wa gari lako katika nusu ya kioo, unajitazama mwenyewe. Vioo vya pembeni mara nyingi vimebinuka kidogo ili vionyeshe eneo kubwa. Kwa hiyo kitu kinachoonekana kwenye kioo hicho kiko karibu zaidi kuliko unavyodhani.

Lakini hata vioo vizuri vina mahali ambapo havifiki. Mwendesha bodaboda au baiskeli akiwa kando ya gari, nyuma kidogo ya bega la dereva, anaweza kupotea kabisa. Fanyeni jaribio hili. Gari lisimame, injini izimwe. Dereva akae kitini, atazame vioo tu. Mtu mmoja akokote baiskeli polepole kutoka nyuma ya gari mpaka mbele, kwa kila upande. Dereva aseme, "Namwona," au, "Amepotea." Mtashangaa. Kwa hiyo, kabla ya kupinda au kupita gari jingine, dereva atazame vioo, kisha ageuze kichwa atazame begani.

Kurudi nyuma kuna hatari yake. Mtoto mdogo aliyechuchumaa nyuma ya gari haonekani kwenye kioo hata kimoja. Dereva azunguke gari kwa miguu kabla ya kurudi nyuma uani, sokoni au shuleni. Akimkuta mtoto, amwondoe.

Na wewe unayetembea kwa miguu au kuendesha baiskeli, kumbuka hili: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, na yeye hakuoni. Ondoka hapo. Vijana wa bodaboda, msivue vioo vya pikipiki kwa ajili ya urembo. Pikipiki bila vioo ni sawa na mtu asiye na macho kisogoni, akifuatwa na lori.

VISINGIZIO TUNAVYOSIKIA

"Safari ni fupi." Ajali haiulizi umbali wa safari. Mti ulio karibu na kijiji ni mgumu sawa na ulio mbali.

"Mimi nimekaa nyuma." Aliye nyuma bila mkanda anarushwa mbele. Anajiumiza, na anamwumiza aliye mbele yake ambaye amefunga mkanda wake.

"Gari likiwaka moto nitashindwa kutoka." Ajali za moto ni chache kuliko ajali za kugonga na kupinduka. Na hata gari likiwaka, anayeweza kutoka ni yule ambaye hakupoteza fahamu. Mkanda unamlinda asigonge kichwa, kisha anaufungua kwa kubonyeza kidole mara moja.

"Mungu ndiye mlinzi." Naam. Tunamwomba Mungu mvua, lakini jembe tunashika sisi.

Kisingizio kingine hakisemwi kwa mdomo. Ni kufunga mkanda mkimwona askari wa trafiki, na kuufungua mkishampita. Wengine huuchomeka mkanda nyuma ya mgongo ili kengele ya gari inyamaze. Ndugu, askari si mti, na kengele si mwili wako. Unamdanganya nani?

ABIRIA ASEME

Katika magari mengi ya abiria mikanda ipo, lakini imefichwa chini ya vitambaa vya viti. Itafute. Ukikosa, uliza kwa heshima.

"Kaka dereva, mkanda wa kiti hiki uko wapi?"

"Mama, kaa tu, hapa si mbali."

"Ahsante mwanangu, lakini nina watoto nyumbani. Nitolee mkanda, kisha twende."

Maneno kama hayo hayana ugomvi. Abiria mmoja akiuliza, dereva atacheka. Abiria kumi wakiuliza kila siku, mikanda itatolewa. Mzee wa heshima akiuliza, na vijana watafuata. Ikiwa ninyi ndio mnaokodi gari la kwenda arusini au msibani, kagueni mikanda kabla ya kukubaliana bei. Na mkumbuke kwamba nyuma ya lori au pikapu hakuna mkanda wa kumshika mtu. Hapo ni mahali pa magunia.

Katika mwaka 1973 wazazi na babu zetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Hawakungoja kuhara kuje ndipo wachimbe choo. Walijikinga mapema. Ajali nayo inataka kinga ya namna hiyo hiyo. Ikishatokea, zahanati itafanya inachoweza, lakini dakika moja ya kufunga mkanda itakuwa imepita.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dereva aweke kiti kabla ya kuweka vioo?
2. Onyesha kwa kamba au kitenge: mkanda unapita wapi juu ya nyonga, na wapi juu ya bega?
3. Mama mjamzito afungeje mkanda?
4. Kwa nini si salama kumpakata mtoto ndani ya gari?
5. Magari yanayotoka kijijini kwenu kwenda mjini yana mikanda? Nani atazungumza na madereva, na lini?